Unatoka Kwa Longibodi? Hivi Ndivyo Utachagua Bodi Fupi ya Pezi Moja Bila Kuchoma Doh

Kama umezoea longibodi, unajua raha yake. Kawimbi ka magoti kanakuja, unapiga mikono mara tatu nne, tayari umesimama, unatembea pole pole hadi puani, na wasee wa bodi ndogo wako hapo kando wanakutolea macho tu. Shida inaanza siku wimbi limefika kifuani na lina nguvu. Hiyo meli yako ya futi 9 na nusu haitaki kugeuka, inazika pua, na ikikutoka ndani ya povu inaweza kugonga mtu vibaya sana.

Hapo ndio wengi huanza kucheki bodi fupi ya pezi moja. Wazo lenyewe ni fiti, ju unabaki na ile feeli ya kuteleza laini uliyozoea, halafu unapata bodi inayogeuka. Lakini ni hapo pia watu hupoteza ganji. Wanaona bodi kali kwa simu, rangi za miaka ya 70, futi 6 na nusu, wanalipa. Miezi miwili baadaye bodi imeegemea ukuta kejani ju mwenyewe hashiki wimbi hata moja.

Kwa hivyo shika hii mapema: usinunue urefu. Nunua ujazo, umbo na pezi linaloendana na mawimbi unayopanda kila wiki, sio yale unayoona kwa video za Hawaii. Ukielewa hizo vitu tatu, hata ukikutana na bodi yenye haina jina utajua kama inakufaa ama itakukalia tu kwa nyumba.

Pezi moja lilitoka wapi?

Zamani bodi hazikuwa na pezi kabisa. Mwaka wa 1935, Mmarekani Tom Blake alifunga kipande kama mkuku wa boti chini ya bodi yake huko Waikiki, Hawaii, na bodi ikaacha kuteleza kando ovyo. Wazo halikushika mara moja, lakini baadaye bodi kubwa yenye pezi moja ndio ikawa bodi ya kawaida.

Mambo yalibadilika miaka ya 60. Mwaka wa 1966, Nat Young wa Australia alishinda ubingwa wa dunia kule San Diego na bodi ya futi 9 na inchi 4, nyembamba kuliko za wenzake, na pezi lililojikunja nyuma kufuata mawazo ya George Greenough. Mwaka uliofuata Bob McTavish akaanza kukata bodi fupi zenye umbo la V upande wa chini, mkiani. Ndani ya miaka michache bodi zilikuwa zimepoteza futi mbili au zaidi. Kwa miaka ya 70, Gerry Lopez akawa ndio mwenyewe pale Pipeline, akiwa na bodi nyembamba za pezi moja.

Halafu pezi moja likasukumwa kando. Mark Richards alichukua ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na bodi za mapezi mawili. Mwaka wa 1981 Simon Anderson akashinda Bells Beach na bodi ya mapezi matatu, na tangu hapo hiyo ndiyo imekuwa bodi ya mashindano.

Mbona nakupa hii stori yote? Ju bodi za pezi moja unazoona sokoni leo ni watoto wa hizo enzi tofauti. Zinafanana kwa picha, lakini majini ni vitu tofauti kabisa. Ukichukua ile ya kizazi kisichokufaa, utalaumu mikono yako bure.

Familia nne za bodi fupi za pezi moja

*1. Longibodi ndogo.* Urefu wa futi 7 na nusu hadi 8. Pua pana, mkia mpana, chini imenyooka. Ni longibodi yako tu imekatwa. Inashika mawimbi rahisi, lakini kugeuka haitakushangaza sana. Inafaa kama unataka kupunguza mzigo wa kubeba kuliko kubadilisha mtindo.

*2. Yai.* Jina linasema yote: pua ya mviringo, mkia wa mviringo, katikati pana. Urefu wa futi 6 na inchi 8 hadi 7 na nusu. Skip Frye wa San Diego anajulikana sana kwa umbo hili. Ndio bodi salama zaidi kwa msee anayetoka longibodi, ju ina povu la kutosha chini ya kifua na bado inageuka kwa mguu wa nyuma.

*3. Bodi ya tumbo.* Chini yake imevimba kama mtumbwi na kingo ni nyembamba. Greenough tena, na baadaye Greg Liddle wa California, ndio walisukuma umbo hili. Kwa wimbi refu safi linalovunjika upande mmoja, hii kitu inabamba vibaya. Kwa wimbi bovu la upepo, itakuchosha. Inataka uendeshe kwa ukingo na mguu wa mbele, na mguu wa nyuma utulie. Usiifanye ya kwanza.

*4. Sindano ya miaka ya 70.* Pua imechongoka, mkia umechongoka, sehemu pana zaidi iko mbele kidogo ya katikati. Ilitengenezewa mawimbi yenye nguvu na mwinuko mkali. Ni bodi sexy kuliko zote kwa picha, na ndio inadanganya watu wengi zaidi. Wimbi likiwa dhaifu, inazama tu.

Kuna pia binamu: bodi zenye pezi kubwa katikati na vidogo viwili kando. CI Mid ya Channel Islands, iliyotengenezwa pamoja na Devon Howard, ni mfano unaojulikana. Hizi ni rafiki kwa mtu asiye na uhakika. Siku wimbi lina nguvu unaweka vidogo, bodi inashika. Siku wimbi limetulia unavitoa, unaweka pezi kubwa zaidi katikati, unabaki na pezi moja.

Lakini chunga: bodi yenye vishimo vitatu vidogo tu vya mapezi haiwezi kugeuka kuwa bodi ya pezi moja. Lazima katikati kuwe na kile kisanduku kirefu cha kuteleza pezi, kwa kawaida urefu wa inchi 10 na nusu. Muuzaji akikuambia "utatoa tu haya ya kando", geuza bodi ujionee mwenyewe.

Ujazo: hesabu ya kwanza kabla ya rangi

Ujazo ni lita, yaani bodi ina nafasi kiasi gani ya kukubeba juu ya maji. Longibodi ya futi 9 na inchi 6, upana inchi 23, unene inchi 3, inabeba lita 70 na kitu. Yai la futi 7, upana inchi 21 na robo, unene inchi 2 na robo tatu, linakaa karibu na lita 44. Cheki hiyo tofauti: urefu umepungua kama robo, lakini ujazo umepungua zaidi ya theluthi. Ndio maana mtu anasema "ni futi mbili na nusu tu" halafu anashangaa akilala juu ya bodi na maji yamefika kifuani.

Kwa kukadiria, kama wewe ni msee wa longibodi ambaye anasimama bila shida na kugeuka pande zote mbili, anza na kama lita 0.6 kwa kila kilo ya mwili wako. Yaani:

- Kilo 60: lita 36 hivi
- Kilo 70: lita 42 hivi
- Kilo 80: lita 48 hivi
- Kilo 90: lita 54 hivi

Kama unapanda mawimbi mara moja kwa mwezi ju unaishi Nairobi, ongeza lita 4 ama 5. Mikono isiyopiga maji kila wiki haidanganyi bodi. Na kama bado unajifunza kusimama, hii makala iweke kwanza. Baki na longibodi, utarudi.

Kuhusu urefu, usishuke zaidi ya futi mbili na nusu kwa mruko mmoja. Kutoka 9 na nusu, sehemu tamu ni futi 7 hadi 7 na nusu, yaani sentimita 213 hadi 229. Ukienda moja kwa moja hadi 6 na nusu, utakuwa unajifunza vitu vitano kwa wakati mmoja.

Lita ziko wapi kwenye bodi?

Bodi mbili zinaweza kuwa na lita 44 na zikawa kama usiku na mchana. Usiangalie namba pekee. Angalia hivi:

*Povu liko chini ya kifua?* Wewe umezoea kulala katikati ya ubao mkubwa. Bodi yenye unene mbele, chini ya kifua, itakupa kasi ya kupiga mikono unayoijua. Bodi iliyojaza unene mkiani itakubeba kama kiti cha nyuma cha mat, pua iko juu, huendi popote.

*Mpindo.* Weka bodi chini, iangalie kutoka kando. Ikiwa imepinda kama ndizi, imetengenezewa mawimbi yaliyosimama wima. Ikiwa imenyooka, itaanza kuteleza mapema hata wimbi likiwa na uvivu. Kwa mtu wa longibodi, iliyonyooka ndio rafiki.

*Kingo.* Pitisha mkono pembeni. Kingo za mviringo ni laini na zinasamehe makosa. Mkiani, kingo ikiwa na kona kali kidogo chini, bodi inaachilia maji na kwenda kasi. Mchanganyiko mzuri ni mviringo kuanzia puani hadi katikati, halafu kona kidogo theluthi ya mwisho.

*Mkia.* Mviringo ama uliochongoka kidogo unageuka kwa mkunjo mrefu na kushika vizuri. Uliokatwa mraba unasaidia wimbi dhaifu ju una eneo zaidi la kubebwa.

Pezi ndio usukani, usilichukulie mchezo

Kwa bodi ya mapezi matatu, ukikosea pezi kidogo utaona tofauti kidogo. Kwa bodi ya pezi moja, pezi ni nusu ya bodi. Watu huuza bodi wakidhani ni mbaya, kumbe shida ilikuwa pezi.

Kanuni rahisi ya kuanzia: inchi moja ya pezi kwa kila futi ya bodi. Bodi ya futi 7, pezi la inchi 7 hadi 8. Longibodi yako pengine ina pezi la inchi 9 ama 10, na kishawishi ni kulihamisha tu. Usijaribu. Pezi kubwa hivyo kwa bodi ya futi 7 litaifanya ngumu kama trela.

Umbo pia linahusika. Pezi lililosimama wima na lenye ncha pana ni la kushikilia mkia wakati unatembea puani. Hutalihitaji sana hapa. Tafuta lililolala nyuma kiasi, pana chini na jembamba juu, lenye ncha inayopinda kidogo ukiisukuma kwa kidole. Huo mpindo ndio unakurudishia nguvu ukitoka kwenye kona.

Halafu kuna mahali pa kuliweka. Kile kisanduku kirefu si mapambo:

- Pezi likienda mbele, bodi inakuwa nyepesi kugeuka lakini mkia unaweza kukuponyoka.
- Pezi likienda nyuma, bodi inashika na kwenda mbio moja kwa moja, lakini kugeuka kunataka nguvu.

Anza katikati. Panda mawimbi kama kumi. Kisha sogeza sentimita moja, panda tena. Usisogeze sentimita tano kwa mara moja halafu useme bodi imerogwa. Na beba skrubu na kibati chake cha ziada, ju kile kibati kikianguka mchangani, siku yako imeisha hapo.

Nini kitabadilika ukiwa majini

Usitarajie kutembea hadi puani. Kwa bodi ya futi 7 hakuna mahali pa kutembea. Unasogeza miguu kidogo tu, sentimita 20 mbele kutafuta kasi, sentimita 20 nyuma kugeuka. Mguu wa nyuma unakaa karibu juu ya pezi. Ukibaki na miguu katikati kama kwa longibodi, bodi itaenda moja kwa moja hadi ufuoni na utasema haigeuki.

Usiitikise pia. Wasee wa mapezi matatu hupata kasi kwa kuruka ruka juu ya bodi. Pezi moja halipendi hiyo fujo. Kasi inatoka kwa kukaa sehemu ya juu ya wimbi, kulaza ukingo, na kungoja. Habari njema ni kwamba hii subira unayo tayari. Ndio maana msee wa longibodi mara nyingi huzoea bodi hii kuliko mtu wa bodi ndogo.

Kitu kitakachouma ni kuingia kwa wimbi. Longibodi inakuruhusu kushika wimbi likiwa bado kilima. Hii inakutaka ukae ndani zaidi, karibu na pale linapovunjikia, na usimame haraka, bodi ikiwa tayari imeelekea upande unaotaka kwenda. Fanya mazoezi ya kusimama sakafuni kejani. Inaonekana ni ujinga, lakini inasaidia.

Kupita povu nako ni tofauti. Bodi ya lita 44 ni nene sana kuizamisha chini ya wimbi kama bodi ndogo, isipokuwa uko na nguvu ama uzito wa kutosha. Wimbi kubwa likija, bado utajigeuza chini juu huku umeshika kingo, kama ulivyozoea. Afadhali sai unavuta bodi nyepesi.

Kamba ya mguu: iwe urefu wa bodi ama zaidi kidogo. Ile ya futi 9 ya longibodi itakuburuta tu.

Pwani yetu: chagua kwa mawimbi yaliyoko

Hapa ndio stori inabadilika kwa Mkenya. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe mbali kidogo na ufuo. Wimbi linavunjikia huko nje, na ndani maji yanabaki kama dimbwi. Malindi ni tofauti: mto Sabaki unamwaga tope baharini, matumbawe hayastawi pale kama kwingine, na ghuba imebaki wazi. Mawimbi yanaingia hadi mchangani.

Msimu wenye mawimbi ni wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Lakini kusi huja na upepo, na upepo huvuruga uso wa maji. Wimbi linakuwa fupi, lenye mikunjo, na nguvu yake si ya kutisha. Kaskazi ikifika, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari hutulia zaidi.

Maana yake kwa duka lako ni hii: ile sindano ya miaka ya 70 iache kwa picha. Kwa mawimbi ya aina hii unataka yai ama longibodi ndogo, mpindo kidogo, upana wa inchi 21 na nusu na kuendelea, na lita upande wa juu wa hesabu yako. Ukitegemea Malindi pekee, futi 7 na nusu itakupa siku nyingi za furaha kuliko futi 6 na inchi 10.

Kama unapanda kwa mwamba, fikiria pezi. Inchi 8 ni sentimita 20 chini ya bodi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu inaweza kupita mita 3. Penye kulikuwa na kina cha kutosha asubuhi, saa chache baadaye ni mawe na fukufuku wa miiba. Pezi likigonga mwamba linaweza kung'oa kisanduku chote pamoja na kipande cha bodi, na wewe ukatua kwa matumbawe. Uliza wavuvi wa pale saa za maji kabla hujaingia. Wanajua kuliko programu ya simu.

Mtego wa bodi za kite

Hii ni ya kuandika kwa mkono. Diani na Watamu ni ngome za mchezo wa kite, kwa hivyo bodi nyingi za mkono wa pili zinazouzwa pwani ni za kite. Baadhi zina umbo la bodi ya mawimbi kabisa, na muuzaji asiyejua (ama anayejua) atakuuzia kama hiyo.

Bodi ya kite inavutwa na upepo, kwa hivyo haihitaji kukuelea. Nyingi ni chini ya futi 6 na zina lita ishirini na kitu tu. Ukilala juu yake na kupiga mikono, utakuwa nyambizi. Dalili: vitundu vya skrubu juu ya bodi vya kufunga mikanda ya miguu, bodi ni nyembamba kwa unene, na ni ngumu sana ukiigonga. Ukiona hivyo, shukuru, endelea na safari.

Kununua ya mkono wa pili: kagua hivi

1. *Piga kelele kidogo.* Gonga juu ya bodi kwa vidole kuanzia pua hadi mkia. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa ya mtungi mtupu, ganda limeachana na povu hapo.
2. *Bonyeza penye miguu husimama.* Vishimo vidogo ni kawaida. Sehemu inayobonyea kama sponji sio kawaida.
3. *Tafuta mstari unaokata bodi kwa upana.* Hiyo ni bodi iliyowahi kutaka kuvunjika. Imepakwa rangi mpya juu? Uliza kwa nini.
4. *Angalia kisanduku cha pezi.* Nyufa kuzunguka kisanduku ni shida kubwa kwa bodi ya pezi moja, ju mzigo wote uko hapo.
5. *Ipime kwa mkono.* Bodi nzito kuliko inavyoonekana, yenye madoa ya kahawia, huenda imekunywa maji.
6. *Omba kuijaribu.* Mwenye bodi nzuri haogopi dakika 30 majini. Weka dhamana ya simu ama kitambulisho kama anashuku.

Povu la ndani, na kosa la fundi linaloua bodi

Bodi nyingi ni za aina mbili. Kuna za povu la poliurethani na resini ya poliesta, ambazo ni nzito kidogo. Halafu kuna za povu la EPS, ndugu ya lile jeupe linalokuja kwa boksi la TV, zilizofunikwa na epoksi. Hizi ni nyepesi na zinaelea zaidi.

Kwa pezi moja, uzito kidogo si adui. Unasaidia bodi kuendelea kuteleza hata maji yakiwa na mikunjo. Kama uko na chaguo na mwili wako si mwepesi sana, poliurethani ina feeli karibu zaidi na longibodi yako. EPS itakusaidia kama unataka kuelea zaidi bila kuongeza unene.

Sasa sikia. Bodi ikipasuka, wengi huipeleka kwa fundi wa boti, ju anajua faiba. Fundi wa boti hutumia sana resini ya poliesta. Kwa bodi ya poliurethani iko sawa. Kwa bodi ya EPS, hiyo resini inayeyusha povu la ndani. Unaacha bodi na shimo la sarafu, unarudi unakuta pango. Kama hujui bodi yako ni ya aina gani, sema fundi atumie epoksi, ju epoksi inakubali zote mbili. EPS pia hunywa maji haraka, kwa hivyo ikipasuka toka majini, usingoje mawimbi mawili ya mwisho.

Na jua letu halina huruma. Usiache bodi ndani ya gari lililofungwa ama juani ndani ya mfuko mweusi. Joto linavimbisha gesi ndani na ganda linainuka mapovu. Tafuta kivuli. Nta nayo chagua ya maji ya joto la tropiki. Ya maji baridi itayeyuka na kukuachia ubao wenye mafuta.

Kabla hujatuma pesa

Jibu haya maswali kwa ukweli:

- Wimbi unalopanda mara nyingi ni la magoti, kiuno ama kifua? Magoti pekee: baki na longibodi, huna shida ya kutatua.
- Unapanda mara ngapi kwa mwezi? Chini ya mara mbili: ongeza lita.
- Unaweza kugeuka kulia na kushoto kwa longibodi ukitumia mguu wa nyuma? Bado: jifunze hapo kwanza, ni bure.
- Bodi ina kisanduku kirefu katikati? Hapana: hiyo sio bodi ya pezi moja.
- Pezi linauzwa pamoja na bodi? Hapana: weka bei yake kwa hesabu, ju pwani si kila mahali utalipata.
- Utaibeba vipi? Futi 7 inaingia kwa magari mengi ukilaza kiti. Ukipanda ndege ndogo ya kwenda pwani, uliza kikomo cha urefu wa mzigo kabla ya kulipa tiketi.

Na usiuze longibodi ndio ununue hii. Siku za wimbi dogo bado ni nyingi kuliko za wimbi kubwa, na siku hizo longibodi itakupa mawimbi mara tatu zaidi. Kama doh ni ya bodi moja tu, azima ya mwenzako kwa wiki mbili, pima lita zake, pima pezi lake, andika kwa simu. Ukijua namba zilizokubali mwili wako, hata fundi akuchongee bodi mpya, hutaenda kwake na picha tu. Utaenda na urefu, upana, unene na saizi ya pezi, na yeye atajua anaongea na mtu mwenye rada.